Omba Karatasi, Si Maelezo: Namna ya Kupata Rekodi za Kaunti Yako

Nenda katika ofisi ya wadi uulize, "Pesa za zahanati yetu zilienda wapi?" Utajibiwa, tena huenda ukajibiwa kwa upole. Utaambiwa mkandarasi alichelewa, au pesa hazijashuka kutoka Nairobi, au bajeti ya nyongeza itamalizia kazi. Utarudi nyumbani na maneno yasiyo na tarehe wala sahihi, na ukirudi mwezi ujao afisa mwingine atakupa mengine.

Sasa badilisha swali. Omba nakala ya mkataba wa ujenzi wa zahanati hiyo, pamoja na vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa tangu mkataba utiwe sahihi. Hapo umemwondolea afisa kazi ya kueleza, ukampa kazi ya kutafuta faili. Faili ama lipo ama halipo, na jibu lolote kati ya hayo mawili lina uzito mbele ya sheria. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya kaunti ina daftari. Shida ni kwamba wengi wetu hatujui daftari hilo linaitwaje, liko kwa nani, wala linaombwaje.

Haki yenyewe

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Miaka sita baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016, inayoeleza haki hiyo inavyotumika. Sheria hii inazibana serikali zote 47 za kaunti sawa na inavyozibana wizara za Nairobi.

Kabla hujashika kalamu, yaweke kichwani mambo manne. La kwanza, haki hii ni ya raia, kwa hiyo ambatanisha nakala ya kitambulisho chako. Shirika au kikundi kinachodhibitiwa na Wakenya nacho kinaweza kuomba. La pili, hulazimiki kusema unaitakia nini rekodi. Sehemu ya 4 ya Sheria inasema wazi kwamba sababu zako, au zile afisa anazokudhania, haziathiri haki yako. La tatu, kuwasilisha ombi ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili na kukufikishia karatasi. La nne, ombi linaandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, ana haki ya kusaidiwa na afisa mwenyewe: aeleze kwa mdomo, afisa aandike, kisha mwombaji apewe nakala ya kilichoandikwa.

Jua jina la rekodi

Maombi mengi huanguka hapa. Mtu anaandika, "Naomba habari zote kuhusu miradi ya wadi yetu," kisha anashangaa kukosa jibu. Barua kama hiyo inampa afisa mzembe kisingizio, na afisa mwaminifu inamwacha hajui aanzie wapi. Sheria inataka ombi liwe na maelezo ya kutosha kumwezesha afisa kujua kinachotakiwa, kwa hiyo taja rekodi, mradi na mwaka wa fedha.

Ili uyajue majina ya rekodi, fuata safari ya shilingi moja ya kaunti. Kila mwaka, kufikia 1 Septemba, serikali ya kaunti hupeleka katika bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kama zahanati yenu imo, utaiona mle kwa jina na kwa kiasi. Kufikia 28 Februari hufuata taarifa ya mkakati wa fedha, inayoonyesha kila sekta itapata ngapi. Kufikia 30 Aprili hupelekwa makadirio ya bajeti, na tarehe 1 Julai mwaka wa fedha huanza. Kila robo ya mwaka ikiisha, kaunti ina mwezi mmoja wa kutayarisha ripoti ya matumizi na kuitangaza kwa umma.

Kutoka kwenye bajeti shilingi inaingia kwenye zabuni. Hapo kuna tangazo la zabuni, ripoti ya tathmini, barua ya kumjulisha mshindi, na mkataba. Mkataba wa ujenzi huandamana na jedwali la kazi, vifaa na bei, ambalo mafundi wote wanaliita BQ. Kazi ikianza, vinazaliwa vyeti vya malipo, vocha, na ripoti za kamati inayokagua na kupokea kazi. Hizi ndizo karatasi zenye nyama. Bajeti inakueleza kilichokusudiwa, bali cheti cha malipo kinakueleza kilicholipwa, na nani alitia sahihi kwamba kazi imefanyika.

Baadhi ya rekodi hizi hazihitaji barua. Sehemu ya 5 ya Sheria inaitaka ofisi ya umma itangaze yenyewe habari za mikataba iliyotia sahihi: kazi gani, kwa kiasi gani, kwa nani, na imalizike lini. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za matumizi ya kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapisha ripoti ya kila kaunti. Anza na hizo. Ukikuta Mkaguzi ameutaja mradi wenu, utaje ukurasa huo katika barua yako. Ni vigumu kwa ofisi kudai haina faili la mradi ambao tayari umeandikwa na mkaguzi.

Jua mlango wa kubisha

Watu wengi hupeleka barua kwa chifu. Chifu ni afisa wa serikali kuu, hana faili za kaunti. Masjala ya ardhi, polisi na hazina ya maendeleo ya eneo bunge pia haziko chini ya gavana. Kaunti ina zahanati na vituo vya afya, madarasa ya chekechea, barabara za kaunti, masoko, leseni za biashara, maji na kilimo.

Ndani ya kaunti yenyewe kuna milango miwili. Rekodi za serikali ya gavana, kama mikataba na malipo, ziombe kwa Katibu wa Kaunti, na nakala ya barua uipeleke kwa Afisa Mkuu wa idara husika. Rekodi za bunge la kaunti, kama kumbukumbu za mijadala, ripoti za kamati na usafiri wa madiwani, ziombe kwa Karani wa Bunge. Kisheria mkuu wa ofisi ndiye afisa wa upatikanaji wa habari, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine jukumu hilo. Ukikosea mlango, ombi halifi. Ofisi uliyoiandikia inatakiwa kulihamisha ndani ya siku 5 hadi kwa ofisi yenye rekodi, na kukujulisha.

Barua yenyewe

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Usiweke ndani yake hasira, wala historia ya mateso ya kijiji, wala tuhuma. Mfano ni huu:

*Kwa: Afisa wa Upatikanaji wa Habari, kupitia kwa Katibu wa Kaunti*
*Nakala: Afisa Mkuu, Idara ya Afya*

*KUH: OMBI LA REKODI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI, 2016*

*Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya ______. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho changu. Naomba nakala za rekodi zifuatazo kuhusu ujenzi wa zahanati ya ______, mwaka wa fedha 2023/2024:*

*1. Mkataba uliotiwa sahihi kati ya kaunti na mkandarasi, pamoja na BQ.*
*2. Vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi tarehe ya barua hii.*
*3. Ripoti za kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi.*

*Iwapo sehemu ya rekodi yoyote haiwezi kutolewa, naomba nipewe sehemu iliyosalia, na nielezwe kwa maandishi ni kipengele gani cha Sheria kilichotumika. Iwapo rekodi iko katika ofisi nyingine, naomba ombi hili lihamishiwe huko na nijulishwe. Niko tayari kulipia gharama ya kunakili.*

*Wako mwaminifu,*
*(jina, sahihi, simu, anwani, tarehe)*

Rekodi tatu zinatosha kwa barua moja. Ukiomba ishirini, ofisi itakuwa na haki ya kusema kazi ni kubwa na kuongeza muda. Afadhali barua mbili fupi kuliko moja ndefu.

Muhuri ndio saa yako

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na unarudi nayo nyumbani. Usiondoke bila muhuri huo. Bila muhuri hujaomba. Umeongea tu.

Karani akisema mwenye muhuri hayuko, mwombe aandike jina lake, saa na tarehe kwenye nakala yako, atie sahihi. Akikataa hilo pia, usigombane naye. Nenda posta uitume kwa rejista, uhifadhi risiti, kisha uitume tena kwa barua pepe rasmi ya kaunti. Karani wa masjala hana uwezo wa kukunyima rekodi, lakini ana uwezo mkubwa wa kukusaidia kulipata faili. Msalimie kwa jina, muulize habari za kazi, mwonyeshe barua imeandikwa vizuri. Mara nyingi ni yeye atakayekunong'oneza kwamba faili limehamia ofisi ya fedha.

Kuanzia siku ya muhuri, ofisi ina siku 21 za kuamua. Muhuri ukisoma 3 Machi, siku ya mwisho ni 24 Machi. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu inatakiwa itolewe ndani ya saa 48. Ofisi inaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, ikiwa karatasi ni nyingi au inabidi kushauriana na wengine. Ukikubaliwa na ukalipia nakala, karatasi zinatakiwa zikufikie ndani ya siku 2 za kazi. Na siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kimya hicho kuwa ni kukataliwa. Hili ni jambo zuri kwako, kwa sababu huhitaji kungoja mpaka mtu atamke "hapana" ndipo uende mbele.

Majibu ya dirishani

Kuna majibu ambayo karibu kila mwombaji atakutana nayo, na kila moja lina dawa yake.

"Kwanza eleza unataka za nini." Jibu kwa adabu kwamba sehemu ya 4 ya Sheria haidai sababu. Ukipenda kueleza, eleza, ila ijulikane ni hiari yako.

"Faili limepotea." Usibishane. Omba uandikiwe barua inayosema hivyo. Wengi hurudi kulitafuta vizuri zaidi wakitakiwa kutia sahihi kwamba limepotea, kwani sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaitaka ofisi itunze rekodi za zabuni kwa angalau miaka sita baada ya mkataba kukamilika, na kuharibu au kuficha rekodi ili mtu asiipate ni kosa la jinai. Kumbuka pia kwamba karatasi moja ina nyumba nyingi. Mkataba uko kwa kitengo cha ununuzi, hazina ya kaunti inao, idara ya afya inao, na pengine wakili wa kaunti anao.

"Karatasi ni nyingi, hatuna wino." Omba kuziona badala ya kunakiliwa. Ukipewa nafasi hiyo, nenda na mwenzako, beba daftari, uombe ruhusa ya kupiga picha. Andika nambari ya mkataba, tarehe na kiasi kabla ya kitu kingine chochote, ili nafasi ikikatizwa uwe umepata yaliyo muhimu.

"Toa kitu kidogo cha chai." Omba risiti. Malipo halali ya nakala yana risiti ya kaunti.

"Hiyo ni siri." Hapa inafaa tutulie kidogo, kwani wakati mwingine ni siri kweli.

Siri halali na siri ya kubuni

Sehemu ya 6 inaorodhesha yanayoweza kuzuiliwa: usalama wa taifa, usalama wa mtu, faragha, siri halali za biashara, mambo ambayo kuyatoa kungevuruga haki mahakamani, na mengineyo. Lakini sehemu hiyo hiyo inaruhusu habari itolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara ya kuitoa. Bei ambayo kaunti ilikubali kumlipa mkandarasi si siri ya biashara, kwa kuwa sheria yenyewe inataka itangazwe. Mbinu ya kiufundi ya kampuni inaweza kuwa siri.

Faragha ndiyo inayohitaji busara zaidi. Chukua mfano wa basari. Ukiomba orodha ya watoto waliopewa basari katika wadi yako, utakuwa unaomba majina ya watoto na hali ya umaskini ya familia zao, na afisa atakuwa na haki ya kusita. Omba badala yake vigezo vilivyotumika, idadi ya wanufaika kwa kila kijiji, kiasi kilicholipwa kwa kila shule, na kumbukumbu za kikao kilichopitisha orodha. Hizo zitakuonyesha kama kijiji kimoja kilimeza fungu la wadi nzima, bila kumwanika mtoto wa mtu.

Ukikataliwa

Ukikataliwa, au kimya kikipita siku 21, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, CAJ, ambayo wengi wanaiita Ombudsman. Kaulimbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki." Huduma yake ni ya bure, na huhitaji wakili. Inapatikana Nairobi, ina matawi katika miji kama Mombasa, Kisumu na Eldoret, na ina madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma.

Wapelekee vitu vitatu: nakala ya barua yenye muhuri, jibu ulilopewa kama lipo, na aya moja inayoeleza kilichotokea kwa tarehe. Hapo ndipo utakapoona faida ya ule muhuri, kwa sababu Tume haihitaji kuamini neno lako dhidi ya neno la afisa. Tume inaweza kumwita afisa, kuitisha rekodi, na kuamuru zitolewe. Amri yake inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Asiyeridhika ana siku 21 za kukata rufaa huko huko.

Karatasi zikifika

Usikimbilie redioni. Hesabu kurasa, uangalie kama kila kitu ulichoomba kimo, kisha kaa na mtu anayejua ujenzi. Fungua BQ kwenye kipengele cha paa. Tuseme kimeandikwa mabati ya geji 28. Fungua cheti cha malipo cha mwisho, utafute paa. Kama cheti kinasema kazi ya paa imekamilika na imelipwa, nanyi jengo lenu limeishia kwenye linta, mmepata swali ambalo halijibiwi kwa "mkandarasi alichelewa". Na kama paa lipo lakini mabati ni ya geji 30, fundi yeyote atawaambia kwamba geji 30 ni nyembamba kuliko 28, na bei yake ni ya chini.

Hata hivyo, tofauti kati ya karatasi na jengo si ushahidi wa wizi. Mikataba hurekebishwa, na mabadiliko halali huandikwa. Kwa hiyo barua ya pili iombe hati ya mabadiliko ya kazi na idhini yake. Ikiwa haipo, sasa mna jambo la kumpelekea diwani wenu, la kuwasilisha kama lalamiko rasmi katika bunge la kaunti, au la kumfikishia Mkaguzi Mkuu. Katika hatua zote hizo semeni kile karatasi inachosema, na muache wenye mamlaka wataje makosa. Mtu aliyesoma mkataba hadharani hana cha kushtakiwa, lakini aliyemwita mwenzake mwizi anacho.

Usiende peke yako. Ombi lililosainiwa na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mzee wa kijiji na mwalimu mstaafu ni gumu kulitupa, tena linamkinga kila mmoja wao. Gawaneni kazi: mmoja aandike, mmoja ahesabu siku, mmoja atunze faili. Ndiyo, nanyi pia mnahitaji faili, lenye kila barua, kila muhuri na kila risiti. Mwaka ujao kutakuwa na darasa la chekechea au barabara, na yule atakayeomba rekodi zake atakuwa na barua za kuiga, na atawajua maafisa kwa majina.

Kwa kuanzia, chagueni mradi mmoja tu, ule ambao kila mtu kijijini anaupita akienda sokoni. Andikeni barua ya rekodi tatu, mwipeleke kabla ya mwisho wa wiki, kisha mtie alama siku ya 21 kwenye kalenda. Siku hiyo ikifika mtakuwa na karatasi mkononi, au mtakuwa na sababu ya kwenda kwa Tume.